Damu Moja, Majina Manne

Daftari la damu la maternite, kituo chetu cha uzazi, nililichoma mimi mwenyewe, mchana kweupe, kwenye jiko la mkaa tulilotumia kuchemshia sindano. Lilikuwa na majina ya wanawake wajawazito wa Rumonge na wa vijiji vya ufukweni, na pembeni mwa baadhi ya majina palikuwa na msalaba mwekundu wa penseli. Mwanamke mmoja aliandikwa humo mara nne, kwa majina manne. Siku hiyo mimba yake ilikuwa inakaribia miezi saba, na mpaka asubuhi hiyo, mbali na mwenyewe, sista na mimi, hakuna aliyejua kwamba hao wanne ni mtu mmoja.

Niliingia kazini mwaka wa Uhuru, nikiwa bado msichana. Baba yangu alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Waislamu, na babu yangu alikuwa amevuka ziwa kutoka Ujiji zamani za Wadachi. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi na mwandiko wangu ulikuwa umenyooka, basi sista aliyesimamia maternite akanichukua nijaze fishi, kadi za wagonjwa. Alikuwa Mzungu mwembamba aliyejifunza Kiswahili upande wa Kongo, na alikisema polepole, kila neno mahali pake, kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Mwezi ule wa Julai wanawake walikuja kupimwa wakiwa na vitenge walivyonunua kwa ajili ya sherehe, na chumba chote kilinuka rangi mpya ya nguo.

Baada ya miezi michache alinihamishia chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya maziwa ya unga, akanifundisha kuchoma kidole na kusoma tone. Tone la kwanza lilikuwa la karatasi ya kunyonya. Ulilifananisha na rangi zilizochapwa pembeni, kutoka nyekundu iliyokolea hadi nyekundu ya kufifia, ukajua mama ana damu ya kutosha au hana. Tone la pili lilikuwa la kioo. Tulikuwa na sanduku la mbao lenye taa ndani na kioo juu, na kioo kilipaswa kuwa na joto la mkono wa mtu mwenye homa. Unaweka damu, unaongeza dawa kutoka kwenye kichupa kilichokaa katika friji ya mafuta ya taa, unainamisha sanduku kushoto na kulia, unangoja. Kwa watu wengi damu hukatikakatika, ikawa vipunje kama unga wa muhogo uliomwagikiwa maji. Kwa wachache hubaki laini, ikiteleza kama mawese yaliyotoka kukamuliwa. Hiyo iliyobaki laini tuliiita hasi, na hiyo ndiyo niliyofundishwa kuiogopa.

Sista alinieleza mara moja tu. Mama akiwa hasi na mtoto amechukua damu ya baba, damu kidogo ya mtoto huvuja kwa mama siku ya kuzaa, na mwili wa mama hujifunza kuichukia. Mtoto wa kwanza anapona, kwa sababu chuki bado haijazaliwa. Wa pili anazaliwa mzima, halafu anageuka njano.

“Na wa tatu?” nikamwuliza.

Alikwenda kunawa mikono. “Ukiona hasi, weka msalaba mwekundu,” alisema akiwa amenipa mgongo. “Halafu uliza mimba ni ya ngapi.”

Swali hilo ndilo lililotushinda. Kwenye ufukwe wetu mwanamke aliyezika mtoto hasemi. Hafichi kwa sababu ya aibu. Safari inayofuata anabadilisha mahali pa kuzalia, anabadilisha jina la kuitwa, na akiulizwa mimba ni ya ngapi anajibu ni ya kwanza, hata kama nyumbani kuna mtoto anayeweza kuchota maji. Anafanya hivyo ili kile kilichomchukua yule wa mwanzo kisimtambue tena. Mama yangu mwenyewe, aliyezika wawili kabla yangu, alinizalia kwenye nyumba ya jirani na kumwambia mkunga kwamba yeye ni mgeni, anapita tu kwenda Nyanza-Lac. Kwa hiyo sikuwahi kuwacheka. Nilijaza safu ya mimba: moja, moja, moja, mpaka ukurasa ukaonekana kama ufukwe mzima ni wa maharusi.

“Huku hakuna mama wa watoto watano?” sista aliuliza siku moja.

“Sista,” mkunga wetu akamjibu, “huku tunazaa mara moja tu. Wengine banajileta benyewe.”

Hata sista alicheka.

Mwanzoni mwa mwaka 1972, wakati wa mvua, alikuja mwanamke kutoka upande wa Minago. Kitenge chake kilinuka mawese na moshi. Alikuwa na miaka thelathini au zaidi. Nilimwuliza mimba ni ya ngapi, akasema ya kwanza, nami nikaandika. Kabla sijamwomba mkono, alininyooshea kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Ngozi yake ilikuwa imekunjamana kutoka ncha mpaka kiungo cha pili, kovu la mafuta ya moto.

“Choma hapa, muganga,” alisema. “Hapa hapaumi. Mafuta yalishamaliza yote.”

Nilibaki nimeshika sindano hewani. Sentensi hiyo nilikuwa nimewahi kuisikia.

Damu yake ilibaki laini kwenye kioo. Kundi B, hasi. Alipoondoka nilishusha madaftari ya zamani kutoka juu ya kabati. Nilikuwa na tabia ambayo sista aliiita uchafuzi wa karatasi: katika safu ya mwisho, iliyopaswa kuwa tupu, niliandika chochote nilichokiona. Amekuja miguu mitupu. Mikono ya baridi. Amevaa pete mbili. Na mwaka 1962, miezi michache baada ya Uhuru, kwenye mstari wa B hasi: kidole cha pete kimeungua, anasema hakiumi. Miaka minne baadaye, jina lingine, kijiji kingine, B hasi: kovu la mafuta, kidole cha pete. Mwaka 1969, jina la tatu, B hasi: ametoa kidole mwenyewe, kina kovu. Wote watatu mimba ya kwanza.

Nilichukua daftari la wazazi na kuyatafuta majina hayo. La kwanza: mtoto wa kike, mzima. La pili: mtoto wa kiume, njano siku ya pili, amefariki siku ya tatu. La tatu: amezaliwa mfu, amevimba mwili mzima. Nilisoma mistari hiyo mitatu nikiwa nimesimama. Ilikuwa imekaa miaka yote hiyo juu ya kabati, kwenye vumbi, na miwili ya mwanzo ilifuatana vilevile kama sista alivyonieleza; wa tatu ulikuwa jibu alilolikwepa alipokwenda kunawa mikono.

Yule mwanamke aliporudi, siku ya soko, nilifunga mlango.

“Mama, kaa.”

“Nimekaa.”

“Binti yako anaendeleaje?”

“Binti gani? Miye iko mimba ya kwanza.”

“Yule wa mwaka wa Uhuru.”

Alitazama mlango, kisha akanitazama mimi. “Nani alikwambia?”

“Damu yako.”

“Damu iko na mudomo?” Alicheka kidogo, bila furaha. “Basi ya kwangu ni ya umbeya.”

“Na kidole chako.”

Alikifunika kwa kitenge. “Weye unatazama vidole vya watu, sura zao hautazami. Nilikupita sokoni mara ngapi? Salamu yangu ya amahoro haujawahi kuijibu.”

Alisema kweli. Kazi yangu ilikuwa kutazama chini.

“Umekwisha kutuunganisha daftarini?” aliuliza.

“Bado.”

“Usituunganishe. Hao wengine waache hukohuko. Huyu aje peke yake.”

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Nilimwambia kwamba damu yake inaendelea kukumbuka hata akibadili jina, na kwamba katika mji mkuu, Bujumbura, kuna maabara inayoweza kupima chuki hiyo imefika wapi. Ikiwa ndogo, atajifungulia hapa. Ikiwa kubwa, lazima apelekwe kule kabla mimba haijamaliza miezi minane, mtoto atolewe mapema, na damu yake itolewe kidogokidogo na kutiwa nyingine.

“Munamubadilisha damu ili kifo kisimujue.”

“Karibu hivyo.”

“Kumbe na nyinyi munafanya kama sisi.”

Sista alitaka na damu ya mume, kwa sababu baba mwenye damu mchanganyiko anaweza kupata mtoto anayefuata upande wa mama, na mtoto huyo hadhuriki kabisa. Nilimweleza na hilo. Mume alikuwa mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu.

“Yeye?” alisema. “Akiona sindano anarudi ziwani, haulali naye wiki nzima.”

Mume hakuja kupimwa. Lakini mama mwenyewe alikubali kutoa damu ya mshipa, kwa sharti moja: jina lisiende Bujumbura, jina lolote.

“Chupa lazima iwe na kitu juu yake,” nilimwambia.

“Iandike namba. Namba haina mama.”

Niliandika namba. Halafu, alipokwisha kuondoka, nikafanya jambo aliloniomba nisilifanye. Nilinakili mistari mitatu ya zamani kwenye daftari la mwaka huo, chini ya mstari wake wa nne, nikaiunganisha yote kwa penseli nyekundu. Misalaba minne, na pembeni kijiji chake cha kweli, alichokuwa ameniambia kwa sauti ya chini. Niliona ni usafi wa kazi. Sista aliutazama ukurasa ule kwa muda mrefu, akasema kwamba tangu afike hapa hajaona ukurasa bora kuliko huo.

Chupa iliondoka wiki ya mwisho ya Aprili, ndani ya thermosi ya chai, katikati ya miguu ya dereva wa lori la ndagala. Tulitazamia jibu baada ya siku kumi.

Wiki hiyohiyo soko lilianza kwisha kabla ya adhuhuri. Wanunuzi wa mawese wa Kabezi, ambao hawakosi, walikosa. Wanaume walisimama wawiliwawili kando ya barabara na kunyamaza mtu akipita. Mkunga wetu aliniambia kwamba kwenye mwalo wa wavuvi kuna mitumbwi asiyoijua. Siku iliyofuata aliniambia kwamba hata ile anayoijua haipo.

Sitasimulia nisiyoyaona. Kwanza yalikuja mashambulizi ya waasi, na watu waliuawa majumbani mwao na barabarani. Kisha likaja jeshi kulipiza kisasi. Barabara ya Bujumbura ilifungwa, na kila aliyepata mtumbwi alivuka kwenda upande wa Kigoma. Nilichokiona kwa macho yangu, kwenye dirisha la maabara na uwanjani pa maternite, ni kwamba baada ya hapo watu walianza kuitwa kwa majina, na majina yalisomwa kutoka kwenye karatasi.

Tulikuwa na infirmiye mmoja, yaani muuguzi, mwanamume mpole aliyefunga vidonda. Jina lake lilisomwa akiwa katikati ya kufunga bendeji. Alimwambia mgonjwa, “Shika hapa, ninarudi.” Mgonjwa aliishika ile ncha ya bendeji mpaka nilipokwenda kumalizia kuifunga. Infirmiye hakurudi.

Siku mbili tatu baadaye aliingia maabara mwanajeshi kijana. Alikuwa amekumbatia redio ya sista kwa mikono yote miwili.

“Amahoro,” alisema.

“Amahoro.”

Aliiweka redio juu ya meza, akaanza kufunua daftari langu. Alifunua kwa adabu, kwa ncha ya kidole.

“Hawa ni nani?”

“Wajawazito.”

“Na hizi nyekundu?”

“Ni wenye matatizo ya damu.”

“Damu,” alirudia. Alifunua tena, akafika kwenye ukurasa wangu ule mzuri. “Na hawa wane waliofungwa pamoja?”

“Ni mtu mmoja.”

“Mutu moja, majina ine.” Aliinua macho. “Mutu wa majina ine anaficha nini?”

“Watoto,” nilisema.

Ulikuwa ukweli, na mara tu uliponitoka nilijua hakuna jibu baya kuliko hilo. Hakubadilisha uso. Alisoma jina la kijiji mara mbili, midomo ikicheza. Kisha akaikumbatia tena ile redio.

“Shefu wangu atapenda kuliona hili,” alisema. “Ninapeleka hii, halafu ninarudi. Lisitoke hapa.”

Jiko lilikuwa limewaka tayari, maji ya sindano yakichemka. Nilifikiria kuchana ukurasa mmoja tu, lakini ukurasa uliochanwa nao unasema. Nilifikiria kuunakili kwenye karatasi ndogo niifiche kwenye nguo, nikaona kwamba hapo ningekuwa nimetengeneza orodha nyingine, ndogo zaidi, yenye jina la kijiji na ya mtu mmoja tu. Kwa hiyo niliukariri. Nilisoma yale majina manne kwa sauti ya chini, mara kumi au zaidi, kama mtoto wa madrasa. Halafu nikaondoa sufuria ya sindano, nikalitia daftari jikoni, na yale matatu ya zamani nyuma yake. Majalada yalichelewa kushika moto. Niliyakandamiza kwa koleo mpaka yakakubali.

Alirudi mchana huohuo, kama alivyosema. Nilimpa daftari jipya, nililokuwa nimeandika mistari mitatu ya harakaharaka.

“Hawa ni wachache.”

“Wanawake hawaji tena.”

Alitazama jiko. Majivu ya karatasi hayafanani na majivu ya mkaa. Hukaa yamelala tabaka juu ya tabaka. Aliyatazama kwa muda, kisha akanitazama mimi.

“Sindano zako zimechemuka sana leo,” alisema, akatoka.

Hakurudi tena. Lakini kwa majuma mengi, kila buti liliposikika kwenye saruji ya baraza, nilijikuta nimeshika ukingo wa meza.

Barabara ilipofunguliwa, mwezi wa Juni, dereva mwingine alituletea thermosi yetu ikiwa na bahasha ndani. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, ya mistari mitatu. Pale pa jina palikuwa na namba yangu. Chuki ilikuwa juu sana, aliandika daktari. Mama aletwe bila kuchelewa, kabla mimba haijamaliza miezi minane. Kwa hesabu niliyokuwa nayo kichwani zilibaki siku sita au saba.

Nilikwenda kijijini kwake kwa baiskeli ya mkunga. Nyumba nyingi hazikuwa na mapaa. Pipa la kuchemshia mawese lilikuwa limepinduliwa, na mafuta yaliyomwagika yalikuwa yameganda juu ya mchanga, mekundu, yamejaa siafu. Nilimkuta mwanamke mmoja anachimba muhogo katika shamba ambalo sidhani lilikuwa lake. Alinyooka aliponiona na koti langu jeupe, akawa tayari kukimbia.

“Ninamtafuta mama mwenye kovu kidoleni,” nilimwambia. “Mke wa mvuvi. Ana mimba kubwa.”

“Jina lake nani?”

Nikamtajia jina la kwanza, la pili, la tatu na la nne. Alitikisa kichwa kwa kila moja, na kila niliposema lingine alirudi hatua nyuma. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimekariri majina yote aliyowahi kumpa karani wa maternite, na sikuwahi kumwuliza anaitwaje.

“Mwenye kovu alivuka,” yule mwanamke alisema mwishowe. “Yeye na mume na binti yao. Mutumbwi moja. Siku nyingi sasa.”

Niliwapa ujumbe wanawake wafanyabiashara waliothubutu kuvuka tena. Niliwaambia wamtafute kwa kidole, wamwambie kwamba karatasi imerudi na kwamba aende hospitali kubwa yoyote ya upande ule, awaambie damu yake ni B hasi na huyu ni wa nne. Nililirudia hilo la mwisho: lazima aseme wa nne. Akisema wa kwanza hakuna atakayeshtuka.

Mwishoni mwa mwaka mmoja wao alirudi, mama wa mtaani kwetu aliyeuza vitambaa. Alikaa kwenye kibaraza cha baba, akavua ndala, akaanza kupangusa vumbi la miguu.

“Kidole chako nimekiona,” alisema. “Kambini, upande wa Kigoma. Nilinunua mawese katika mkono huohuo.”

“Ulimpa ujumbe?”

“Nilimpa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama nataka chupa moja au mbili.”

“Jina lake?”

“Alinitajia. Si hata moja katika hayo yako.”

“Na mimba?”

“Mimba hakuna. Alikuwa amebeba mutoto mugongoni, amefunikwa.”

“Mtoto alikuwa anakaza shingo? Alilia?”

“Mama, miye nilikuwa nanunua mafuta, sikununua mutoto.” Kisha aliona uso wangu, akapunguza sauti. “Amefunikwa, nakwambia. Sikuona kitu. Kunao wanawake wengi kule wanaobebeana watoto.”

Nilimwuliza kama angalau alimsikia akisema lolote kuhusu mtoto huyo.

“Nilimuuliza, kwa salamu tu. Nilimuuliza huyo ni wa ngapi.”

“Akasemaje?”

“Akasema wa kwanza.”

Karatasi ya Bujumbura bado ninayo, katika kopo la biskuti, pamoja na hati za nyumba. Damu ya mume haikupimwa, kwa hiyo sijui mtoto wa nne alichukua upande gani. Wala sijui kama yule aliyekuwa mgongoni alikuwa wake.